Kasuku wa Walikale aliyejifunza mluzi wangu wa kuitia ng'ombe

Wakuu, salamu kutoka milima ya Masisi, ambako naandika hapa nimevaa koti.

Haya yalinipata mwenyewe, na kosa lilikuwa langu, kwa hiyo sina sababu ya kuyaremba.

Mimi ni mtoto wa wafugaji, kwetu Karuba, hukuhuku Masisi. Kabla sijajua kusoma nilijua kupiga mluzi wa kuita ng'ombe: mbili fupi, moja ndefu inayopanda mwishoni. Na nyumbani tuna sheria moja ambayo baba hakuwahi kuilegeza. Ng'ombe aliyekuja ulipomwita hapigwi, hata kama ametoka kula maharage ya jirani.

Sasa nikapata kazi Walikale, kule chini kwenye misitu, katika kituo cha kutunza kasuku wa kijivu. Wategaji wanawanasa kwa ulimbo, wanawakata manyoya ya mabawa, wanawashindilia kwenye vikapu kwenda kuuzwa. Wategaji wakikamatwa, ndege wanaletwa kwetu. Tunawalisha, tunasubiri manyoya yaote, kisha wanarudi porini.

Nilifika na jibini zima la kwetu begani, maana mtu wa Masisi haendi mikono mitupu. Kwa joto la kule jibini likaanza kutoa jasho kabla yangu. Wenzangu walinicheka wiki nzima, lakini walilimaliza.

Mkuu wa watunzaji alikuwa Mama Sifa, mwenyeji wa hukohuko, mwanamke wa maneno machache. Alinipa sheria mbili: ndege hapewi jina, na ndege haongeleshwi.

Nilizivunja zote mbili. Hapa nakubali mnitukane kidogo.

Kulikuwa na kasuku mmoja aliyeletwa bawa limegandana kwa ulimbo. Nilimsafisha kwa mafuta, unyoya kwa unyoya, naye ananing'ata. Wakuu, lile domo linapasua kokwa la chikichi, kwa hiyo fikirieni kidole. Kovu ninalo mpaka leo. Nikampa jina Bihogo, jina la ng'ombe ambaye maziwa yake yalinikuza.

Shida ni kwamba Bihogo hakula. Siku ya nne nilikuwa nakata papai, nikapiga mluzi wa nyumbani bila kufikiria, kwa sababu ndivyo nilivyo mikono ikiwa na kazi. Akageuza kichwa. Nikapiga tena. Akashuka, akala mkononi mwangu. Nilifurahi kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa jike.

Kuanzia hapo kila mlo nilimwita hivyo. Alipona, manyoya yakaota, tukamhamishia kwenye kizimba kikubwa cha wavu pamoja na wenzake.

Asubuhi moja niko jikoni na Mama Sifa, tukasikia mluzi kule kizimbani. Mbili fupi, moja ndefu. Mama Sifa akaniangalia mdomo, akaona umefungwa.

"Nani iko naita ng'ombe kule?"

Tukaenda. Bihogo alikuwa kwenye tawi anapiga mluzi wangu, na kasuku wote wamejipanga mlangoni wanasubiri mtu.

Nikacheka. Mama Sifa hakucheka, akaniita Papa, yaani baba, kama wanaume wote wanavyoitwa kule.

"Papa wa Karuba, sikia. Huyu akienda mu pori, mutegaji akipiga muluzi, atashuka. Benzake batamufuata. Bote batarudia mu kikapu. Huyu hawezi kutoka."

Hawezi kutoka maana yake ni wavu maisha yake yote. Na manyoya yake yalikuwa yameshaota. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Mama, unipatie njia," nikamwambia. "Mi njo nilimuharibu."

Akaniletea sufuria kuukuu na mwiko. "Muluzi wako njo ilimuzoeza batu. Iyo iyo njo itamufundisha kukimbia."

Ikawa hivyo. Chakula wengine walikipitisha nyuma ya turubai, kimya. Kazi yangu mimi: kuingia, kupiga mluzi, na wakija, kugonga sufuria kwa nguvu zote.

Siku ya kwanza Bihogo aliruka moja kwa moja, akatua begani kwangu. Nikagonga karibu na kichwa chake.

Siku ya pili alikuja tena, taratibu zaidi, kama anayetaka kuhakikisha kwamba jana nilikosea. Hiyo ndiyo iliniumiza kuliko zote. Nilimpiga aliyekuja nilipomwita, siyo kwa fimbo, lakini nilimpiga. Nilitaka kufunga mzigo nirudi Karuba.

Siku ya tatu alibaki kwenye tawi, ananitazama. Ilichukua miezi. Mwishowe nikipiga mluzi, kizimba kizima kinakimbilia upande wa pili, na yeye yuko mbele yao.

"Sasa iko ndege," akasema Mama Sifa.

Tuliwafungulia asubuhi, ndani kabisa ya msitu. Walipotua kwenye miti ya karibu, Mama Sifa akaniambia nipige mara ya mwisho. Nikapiga. Wakanyanyuka wote, wakapotea.

Halafu huko mbali, juu ya miti, nikasikia mluzi wangu. Mbili fupi, moja ndefu.

Midomo yangu ilikuwa tayari kujibu. Mama Sifa akanipa sufuria.

Niligonga, wakuu. Mluzi ukasikika mbali zaidi, kisha haukusikika tena. Niliendelea kugonga mpaka aliponishika mkono.

"Amekwisha kwenda, Papa."

Nilichojifunza: nilidhani ukimtunza mnyama vizuri, malipo yako ni yeye kukupenda. Kwa ng'ombe ni kweli. Kwa Bihogo nilipaswa kumtunza mpaka aniogope, na mimi nibaki na upendo wangu peke yangu.

Sasa niko likizo nyumbani. Leo asubuhi nimeita ng'ombe, wamekuja wote. Nimewakuna shingo mmoja mmoja mpaka mama akauliza kama niko mgonjwa.

Waliowahi kumfukuza mnyama kwa sababu wanampenda, shukeni hapa chini mniambie: kile kidonda kinapona, ama mtu anakizoea tu?