Ujumbe Nilioufuta Bila Kuumaliza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka hata harusi yangu, na kwenye harusi yangu palizuka ugomvi wa pilau ambao watu wanausimulia mpaka leo. Ilikuwa Jumatano, mchana. Nilibonyeza kitufe kimoja cha kompyuta, kwa kidole hiki hiki ninachokunyooshea, na baba yako akapoteza kazi. Keti. Helmeti iweke chini, pikipiki haitaondoka bila wewe.

Jana umenieleza kwa majivuno kwamba umemtoa mtu kwenye grupu lenu, nyinyi mnaowapelekea watu vyakula kwa pikipiki huko Berea, hapa hapa Durban. Mnapanga kusimamisha kazi siku moja ili kampuni iwasikilize, na yeye kaanza kuandika habari za vita vya Kongo. Wewe ndiye msimamizi, ukamtoa. Nikakuuliza, alimalizaje? Ukasema hukufika huko. Eish! Chai yangu ikapoa mkononi.

Mimi nilikuwa msimamizi kabla hujazaliwa. Wakati ule simu zilikuwa za kupigia tu, na aliyetaka kuingia mtandaoni alikwenda kwenye duka la kompyuta akalipia nusu saa. Mimi ndiye niliyeuza hizo nusu saa kwenye duka moja hapo Overport. Kompyuta sita, moja mbovu siku zote. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Tanga juzijuzi, na nilikuwa mdadisi hasa. Mtu akiingia nataka kujua katoka wapi, anamwandikia nani, mbona anatabasamu peke yake. Shangazi yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikichungulia.

Jukwaa letu la Waswahili wa Durban lilikuwa ukurasa wa bluu wenye maandishi meupe, picha hakuna, na kila mtu alijipa jina la kubuni. Nilipewa usimamizi kwa sababu nilishinda kwenye kompyuta, na kwa sababu mimi ni Mtanzania. Wakongo walisema Mrundi atapendelea, Warundi wakasema hivyo hivyo juu ya Mkongo. Mimi nikajiona refa. Kumbe mwamba ngoma huvutia kwake, na refa naye ana kwao.

Wanachama wengi walifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia kule Umbilo, wakifua shuka za mahoteli. Hao hawakuweza kulipia kompyuta kila siku. Basi tulikuwa na utaratibu wetu: kila saa kumi alasiri nilichapa kwenye karatasi yote yaliyoandikwa jukwaani siku hiyo, na kijana mmoja Mkongo wa Uvira, jina lake Shabani, alikuja kuzichukua. Alizibandika kiwandani, nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na asubuhi wenzake walizisoma huku wakivaa aproni. Ndiyo, Shabani huyo huyo, baba yako. Wakati ule alikuwa bado ananitupia macho tu, na karatasi zile zilimpa sababu ya kuja kila siku.

Kiwandani kulikuwa na mvutano. Wafanyakazi walitaka Jumapili ya kupumzika, na walikubaliana kwamba Mrundi, Mkongo na Mtanzania wangekwenda kwa mkubwa pamoja, kwa sauti moja. Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia. Huko makwao vita vilikuwa vimewaka tena, kila upande ukiulaumu mwingine, na joto lake likafika jukwaani. Wiki moja kabla, watu wawili walitukanana kwangu, kisha wakakutana kwenye robot, zile taa za barabarani za Umbilo, wakakunjana mashati mchana kweupe. Niliogopa, mwanangu. Nikaandika sheria kwa herufi kubwa: HABARI ZA VITA MARUFUKU. Sheria haikuwa mbaya, usije ukanielewa vibaya. Ubaya ulikuwa kwenye mkono ulioishika.

Jumatano ile likaingia andiko refu la mtu aliyejiita Kisigino. Huyu Kisigino alikuwa ameniwasha kwa majuma mengi, maana aliandika mara chache, kwa ukali, na hakuna aliyemjua. Mstari wa kwanza ulisema: "Nyinyi Wakongo mnaosema sisi Warundi tumewaletea vita, nisikilizeni." Wa pili sikuusoma. Nikafuta, na jina lake nikalifungia asiandike tena.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nilimaliza saa nzima nikitafuta Kisigino ni nani. Msimamizi aliweza kuona andiko limetumwa kutoka wapi, nikaona limetoka humo humo dukani kwetu! Nikageuka kutazama waliokaa: wanafunzi wawili, kijana mwenye kofia iliyoshushwa machoni, na mama mmoja wa makamo mwenye sare ya usafi na kitambaa kichwani. Nikajua ni yule wa kofia. Nikamzunguka mara tatu nikijifanya nafuta vumbi. Yule mama akainuka, akanitazama kidogo, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Saa kumi nikachapa karatasi zangu, Shabani akazichukua.

Kesho yake asubuhi mkubwa wa kiwanda akaleta makaratasi ya Kiingereza. Akasema ni ya sare mpya, kila mtu aandike saizi yake na kuweka sahihi. Sare na Jumapili wapi na wapi? Watu kumi na wanne waliokuwa zamu ile wakaweka sahihi, na Shabani akiwamo. Juma lililofuata wakaambiwa kwamba wao si wafanyakazi wa kudumu tena, ni vibarua wa siku, na kwamba kesho yake vibarua hawahitajiki.

Shabani alikuja dukani saa tatu asubuhi, saa ambayo hajawahi kuja. Aproni yake ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amefanya kazi pale miaka tisa. Nyuma yake aliingia yule mama mwenye sare ya usafi.

"Kisigino ni mimi," akasema.

Jina lake lilikuwa Mama Esperansi. Kwao Bujumbura alikuwa mwalimu, hapa akisafisha ofisi za kiwanda. Aliyaona makaratasi yale mezani alipokuwa akipangusa, akayasoma. Angesema waziwazi angefukuzwa, ndiyo maana akatumia jina la kubuni. Akatoa daftari la shule mkobani, kwa kuwa aliandika kwanza kwa kalamu kabla ya kupiga chapa.

"Soma," akaniambia. "Kwa sauti. Mpaka mwisho."

Nikasoma, na Shabani amesimama pale: "Nyinyi Wakongo mnaosema sisi Warundi tumewaletea vita, nisikilizeni. Na mimi vita vilinifukuza. Hapa tunakunja shuka moja, wewe unashika huku, mimi huku. Kesho iko karatasi ya sare. Usiweke sahihi. Ukurasa wa tatu unasema wewe ni kibarua wa siku. Nimeusoma na macho yangu."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya wateja mpaka mmoja akasahau nusu saa yake. Ule mstari niliouita uchochezi ulikuwa hodi tu. Alijua wiki ile Mkongo hatamsikiliza Mrundi, akaanza na lile donge lenyewe ili alitoe njiani.

Nikamuuliza, kwa nini hakuniambia mimi pale kaunta?

"Nilikuona unazunguka yule kijana na kitambaa chako cha vumbi," akasema. "Nikasema, huyu anatafuta mtu wa kukamata." Kisha akaketi, akanishika mkono, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Binti, mimi niliandika masaa mawili na kidole kimoja. Wewe ulisoma mlango, ndani haukuingia. Halafu ukaanza kuulizauliza nyumba ni ya nani."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kazi ile haikurudi. Baba yako alilinda magari ya watu kwenye maegesho hapo Overport miaka minne, na jua la Desemba unalijua. Hakuniambia neno baya hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinioa hivyo hivyo. Ila kila nikimsomea kitu, iwe barua ya kwao au karatasi ya shule yako, huniuliza, "Umefika mwisho?" Umemsikia mwenyewe miaka yote, ukadhani ni uzee.

Basi nasaha yangu ni hii. Udadisi ni kipaji, kuuliza si ujinga, lakini uliza mtu anasema nini kabla hujauliza yeye ni wa wapi. Aliye mlinzi wa mazungumzo ya watu na awe msomaji wao wa kwanza, na awe wa mwisho kuchoka. Vita vya nchi zetu vinawaingia watu kifuani, na mtu aliyejaa hivyo haanzi na salamu nzuri. Mvumilie mistari miwili mitatu. Na wanaowaajiri, mwanangu, hufurahi wenyewe wanapoona mmoja wenu kanyamazishwa na mwenzake. Kazi yao inakuwa imefanywa bure.

Huenda huyo uliyemtoa aliandika matusi matupu. Ikiwa ndivyo, mtoe tena, nami nitakuwa upande wako. Lakini wewe hujui, na wenzako hamsini wanaweka riziki zao kwenye neno lako.

Mungu akupe jicho la subira na mkono mzito wa kufuta. Akulinde barabarani, na wote unaopanda nao vilima vya Berea akawarudishe nyumbani salama, Mrundi, Mkongo na wengine wote. Haya, toa simu, ule ujumbe bado umo. Soma kwa sauti. Baba yako yupo hapo chumbani, naye anataka kusikia mwisho wake.