Neno Nililolikosea Mbele ya Picha ya Kenji

Jamani, habari hii nikiikumbuka hadi leo natamani ardhi inimeze, na wala siwasimulii ili mcheke, ingawa najua mtacheka.

Miaka ya sabini nilikuwa nesi huko Uingereza, katika hospitali moja upande wa Harborne, nimepanga chumba Sparkhill, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Michiko, Mjapani, ambaye mumewe Kenji alikuwa fundi mitambo kiwandani Tyseley. Wageni kwa wageni tukashikana (mimi nampelekea sambusa, yeye ananilisha wali na samaki), na kila nikimaliza kula Kenji ananikumbusha niseme "gochisosama", yaani ahsante kwa chakula kitamu.

Basi Kenji akafa ghafla, moyo. Mimi, badala ya kwenda tu nikalia na mwenzangu kama tunavyofanya kwetu Unguja, nikajitia ujuzi: nitamfariji kwa Kijapani! Nikamwuliza daktari mmoja Mjapani pale kazini, akaniambia, "Sema goshushosama. Ni neno zito, la msibani tu. Liseme kwa sauti ya chini, karibu ulimeze." Nikalikariri ndani ya basi njia nzima, watu wananitazama.

Kufika, sebule imejaa Wajapani wenzake wa kiwandani, suti nyeusi, na kaka wa marehemu, aliyekuja kutoka Japani, amekaa mbele. Nikainama mbele ya picha ya Kenji, nikaona huu si wakati wa kunong'ona, nikapaza sauti: "Gochisosama!"

Nikadhani hawakunisikia (mjinga mimi!), nikainama zaidi, nikarudia.

Kaka mtu akanikazia macho. "Unashukuru kwa chakula gani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Hapo ndipo nilipogutuka nimesema nini. Nikamgeukia Michiko nimwombe radhi, naye, ambaye (nilikuja kuambiwa) hakuwa ametoa chozi tangu mumewe afe, akajiziba uso kwa mikono, akalia kilio ambacho sijakisikia tena.

"Salama," akaniita kwa jina langu, "nani ataniambia hivyo tena mezani kwangu?"

Nikamkumbatia, tukalia sote, kaka mtu akatoka nje. Baada ya wiki chache alimchukua shemeji yake wakarudi Japani. Siku hiyo nilikuwa zamu, hata kuagana hatukuagana.

Tangu hapo, nikienda msibani, kwa mtu wa kabila lolote, nashika mkono wa mfiwa, nafunga mdomo wangu.