Nilipigwa picha za ndoa Kipini, kisha nikakaa sijui kama nimeolewa

Wakuu, salamu kwenu nyote mnaosoma na mnaopita tu.

Nianze na jambo ambalo nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini mbele ya dada zangu na walimu wenzangu: kuna kipindi mwishoni mwa miaka ya tisini ambapo sikujua kama mimi ni mke wa mtu.

Sisemi nilikuwa na mashaka ya moyo. Nasema sikujua, kama vile mtu akiwa safarini asivyojua kama alifunga mlango.

Nitaeleza lilivyokuwa. Chumvi sitatia, lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Nilikuwa mwalimu Garsen, nimetoka chuo kikuu juzi, najua kila kitu. Mchumba wangu Komora alikuwa afisa wa kilimo. Baba yangu, mzee wa kanisa, alitaka tufungishwe na mchungaji. Mama yake Komora, aliyekuwa akiishi Minjila, alitaka shehe, la sivyo mwanawe atafute mwingine.

Tulizungushwa katikati yao mwaka mzima, mwisho tukaamua serikali itufungishe. Notisi ikabandikwa Hola, kwenye ofisi ya wilaya, muda ukapita, hakuna aliyepinga kwa maandishi. (Kwa mdomo walipinga wote.)

Afisa mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa alikuwa na shughuli Kipini wiki hiyo. Akasema atatufungisha huko, kwenye jengo la mahakama ya zamani, la enzi za mkoloni. Baraza refu, nguzo nene, chokaa imebambuka. Mimi nilifurahi kwa sababu ndugu za mama yangu wako Kipini. Aliyefurahi kunishinda ni Kasimu, mpiga picha wetu.

Hapa inabidi nimweleze Kasimu. Alikuwa na studio Garsen, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inayopaa juu yake. Yeye hakupiga picha za harusi inavyotokea. Alisema harusi yenyewe haina sura: watu hupepesa macho, bwana harusi hujificha nyuma ya mtu mrefu. Kwa hiyo kila kitu kiigizwe kwanza, nje, penye mwanga, kipande kwa kipande. Halafu ndipo watu waingie ndani kwa lile la kweli.

Mashehe na wachungaji walikuwa wakimfukuza na maigizo yake. Afisa wetu alikubali. Alikubali mno, hata akaomba kioo.

Meza ikatolewa barazani.

"Mheshimiwa, kaza uso!" Kasimu akapiga kelele. "Kama unamfunga mtu maisha!"

Afisa akakaza.

"Bwana harusi, pete iishie hapo kwenye kifundo. Usiiingize yote, utaniharibia! Ganda!"

Komora akaganda.

"Bibi harusi, sema ndiyo."

"Nimwambie nani?"

"Niambie mimi, bibi! Mdomo uwe wazi, macho kwangu!"

Basi wakuu, "ndiyo" yangu nilimwambia Kasimu.

Filamu ikaisha, kamera ikaanza kuirudisha nyuma yenyewe kwa mlio. Shangazi yangu wa Kipini, ambaye alikuwa shahidi wangu, akadhani ndiyo mambo yametimia. Akapiga kigelegele. Akina mama wote wakamjibu.

Wakati huohuo wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa Witu, na barabara ile ikilowa haina mswalie mtume. Dereva wa lori tulilokodi akapiga honi mfululizo.

"Maharusi! Mkichelewa mtalala hapa na popo!"

Watu wakacheka, wakatusukuma juu ya lori, mimi na gauni langu. Nilitupa jicho nimtafute afisa nimshukuru. Sikumwona. Nikadhani amekwenda kwenye gari lake. Tukaenda Minjila kula pilau.

Lori zima, na wasomi wawili ndani yake, hakuna aliyeuliza swali.

Kisha zikashuka zile mvua za El Nino. Mto Tana ukaacha njia yake, barabara ya Hola ikakatika. Cheti cha ndoa hatukuwa nacho, lakini tulijiambia kipo Hola, kinangoja maji yapungue. Filamu nayo ilisafishiwa Malindi, kwa hiyo picha zilichelewa sana.

Zilipofika nikazipeleka shuleni kuringa nazo. Mwalimu mwenzangu Hadija akazipitia, akarudi kwenye ile ya kutia sahihi.

"Mwenzangu, mbona kalamu ina kifuniko?"

"Hiyo ni ya kuigiza."

"Na ya kweli?"

"Ya kweli haikupigwa."

Nilijibu haraka, nikafunga albamu. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijaribu kukumbuka ndani ya ile mahakama. Nguzo nilizikumbuka, meza niliikumbuka. Ndani sikukumbuka hata ukuta mmoja.

Jioni nikamuuliza Komora, "Wewe ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Ndani au nje?"

"Si ulikuwa na mimi?" akasema.

Nilipopata nafasi nikamuuliza shangazi. "Nimeona kwa mato yangu haya, mwanangu, hata machozi yakanitoka!" Aliona nini? Pete. Pete ipi, ile ya kuishia kwenye kifundo? Akaniambia masomo yamenizidi.

Shahidi wa Komora alikuwa ndugu yake, Buya. Buya akajikuna kichwa. "Mimi shemeji, nilikuwa upande wa lori. Naangalia sufuria ya mchuzi wa harusi isimwagike."

Na Buya hana siri. Siku ya pili mama yao akatangaza Minjila nzima: "Mwanangu hajaoa. Amepigwa picha."

Hilo nililivumilia. Lililoninyima usingizi ni Komora mwenyewe. Nilipomwambia maneno ya mama yake, alikuwa anakula samaki. Akatoa mwiba mdomoni, akasema, "Kama hatujaoana, basi hatujaoana." Akaendelea kula.

Sasa hiyo ni nini, wakuu? Utani? Uchovu? Nafuu? Huyu ni mtu aliyegombana na mama yake mwaka mzima kwa ajili yangu. Kama alikuwa amechoka, mlango umefunguliwa, tena bila lawama ya mtu. Angeweza kutoka akiwa na adabu zake zote. Mimi nilikuwa nampikia, namfulia, namchungulia usoni kila asubuhi, na naona aibu kumuuliza mume wangu kama atanichumbia tena.

Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha wasichana wa kidato cha nne kwamba mwanamke asiogope kuuliza.

Funzo nalitoa hapa kabla sijamaliza, maana nikifika mwisho sitaongeza neno. Siku yako ya ndoa usiwe mtazamaji. Nilishughulika sana na nitakavyoonekana nimeolewa, nikasahau kuolewa. Na jambo likikutatiza, liulize likiwa bichi. Waliofungishwa ndoa na serikali, na wapiga picha wa zamani kama mmo humu, tieni neno. Hata matusi nayapokea, ya mama mkwe yalinikomaza.

Simu za Garsen zilizokatwa na mafuriko ziliporudi, malori ya msaada nayo yameanza kupenya hadi Hola, tulikwenda posta, mimi na Komora, nikapiga ofisi ya Hola. Afisa mwenyewe akashika. Sauti yake ilijaa kibanda kizima. Nikajitambulisha.

Akaangua kicheko.

"Madam! Nyinyi ndio wale wa Kipini? Mimi niliingia ndani kuwangoja. Nasikia vigelegele, nasema wanakuja. Natoka nje, baraza tupu! Mbuzi tu. Nikasema vijana wamebadilisha nia."

"Kwa hiyo hatujaoana?"

"Na nani, madam? Na kamera?"

Sikuweza kumwangalia Komora. Nilitazama ukuta wa kibanda.

"Kesho niko ofisini," afisa akasema. "Mnakuja, ama niwafute?"

Nikageuka kumuuliza Komora. Hakuwepo. Mlango wa posta ulikuwa wazi. Alikuwa katikati ya barabara, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, mikono yote miwili juu, amelizuia lori la mahindi ya msaada.

"Hola!" alikuwa anampigia dereva kelele. "Tuko wawili! Ngoja, mke wangu yuko kwenye simu!"

"Halo? Madam? Bado uko?"

"Tunakuja," nikasema.