Mkwe Kageukia Ukuta

Bi Kidawa ndiye mpishi mkuu wa chuo chetu hapa Kilindoni, na ulimi wake hauna likizo. Mwanafunzi akichelewa dirishani atasikia habari zake na za ukoo wake. Ofisa akija kuonja mchuzi bila kunawa, naye atasikia. Mimi Mwanahija, ninayemkunia nazi, nimeshaambiwa nina mikono ya bibi harusi: ya kupaka hina, si ya kazi. Nilicheka kwa sababu ni kweli.

Lakini kuna jambo moja hachezi nalo, nalo ni ukwe. Kwao Chole, walivyomlea yeye, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake wala hampazii sauti. Kwa hiyo Tofiki, kijana wa mwaka wa pili mwenye maneno kuliko redio, alipomposa Warda binti wa Bi Kidawa, alikoma siku ile ile kuja dirishani. Akawa anamtuma rafiki yake Suleimani na sahani mbili. Muhula ule Suleimani alinenepa, Tofiki akakonda.

Basi maharage yakaingia wadudu, sisemi uongo. Wanafunzi wakanung'unika, na Mkuu wa Chuo, Bwana Mansuri, akatoa dawa yake ya siku zote: mdahalo. Mada ilikuwa uhuru wa kusema na kuheshimiana. Bwana Mansuri anaupenda sana uhuru wa kusema, ilimradi asitajwe mtu, kitu wala mahali. Wanafunzi wakamchagua Tofiki akayaseme maharage, naye akakubali kabla hajafikiri.

Warda alipopata habari alimpigia Tofiki simu pale pale jikoni kwetu, mama yake akiwa sokoni. "Ukimvunjia mama heshima mbele za watu," alimwambia, "posa yenu mje muichukue." Wanafunzi wenzake Tofiki nao walikuwa wameshamwambia kwamba akinyamaza, asifungue tena mdomo chuoni. Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma rahisi.

Siku ya mdahalo sisi wa jikoni tulipeleka chai na vitumbua ukumbini. Kwa kawaida tunaweka na kuondoka. Safari hii Bi Kidawa alivuta kiti cha nyuma, akajitanda kanga yake vizuri, akasema, "Leo nami nasikiliza."

Tofiki alipanda jukwaani kwa madaha. Akamwona Bi Kidawa. Maneno yote yakamkimbia, na wanafunzi wakaanza, "Sema! Sema!" Jasho lilimtoka mpaka shati likabadilika rangi. Kisha akageuka, akaupa ukumbi mzima mgongo, akautazama ukuta.

"Mheshimiwa Mkuu," alisema, "naomba unifikishie shikamoo kwa mama mkwe."

Bwana Mansuri, aliyekuwa mwenyekiti, alitabasamu. Heshima kama hiyo ndiyo aliyoitaka. "Bi Kidawa, shikamoo yako."

Bi Kidawa alivuta kanga ikafunika uso. "Mwambie marahaba."

"Anasema marahaba."

"Mwambie, kwa heshima zote," alisema Tofiki, "maharage yana wadudu."

Tabasamu la Mkuu likapungua. "Anasema maharage... yana wadudu."

Nilimtazama Bi Kidawa, nikaona anazidi kujifunika kanga. Miaka yote hiyo anawasema watu, na hakuna aliyewahi kumrudishia. Nilitamani nimpige yule kijana kwa sinia.

"Mwambie neno lake limeniuma," alisema Bi Kidawa. "Mwambie naamka alfajiri nayachambua mpaka macho yanawasha. Na mwambie wadudu hawakuzaliwa sufuriani kwangu. Walikuja na gunia."

Mkuu akafikisha.

"Muulize, gunia lenyewe la lini?"

"Mwambie la mwaka juzi. Nilikwenda ofisini kusema yatupwe, nikaambiwa nisipayuke, nipike mpaka yaishe."

"Muulize, nani kamwambia hivyo?"

"Mwambie ni Bwana Mansuri."

Bwana Mansuri alikohoa. Akatazama dari, akasema, "Nadhani muda wetu umekwisha."

"Fikisha!" ukumbi ulilipuka. "Mjumbe hauawi! Fikisha!"

Alijifuta uso kwa leso. "Anasema," alinong'ona, "ni mimi."

Nikapiga kigelegele. Sikujizuia, na radhi siombi.

Kelele zilipotulia Bi Kidawa alisimama, uso bado umo kwenye kanga. "La mwisho, Bwana Mansuri. Mwambie kasema kweli na hakunikosea adabu. Warda bado wake. Na kesho aje mwenyewe dirishani nimpakulie, maana kakonda mno, siozi ufagio mimi."

Ujumbe huo Mkuu aliufikisha kwa furaha kuliko yote.

Kesho yake lilikuja gunia jipya. Tofiki naye akaja, kinyumenyume, sahani kaishika nyuma ya mgongo. Bi Kidawa akageuza uso upande wa pili, akachota maharage yanayochemka, akamimina. Upawa ulikosa sahani, mchuzi wote ukammwagikia kijana mkononi.

Bingwa wetu wa uhuru wa kusema aliuma meno, machozi yakamlenga, asitoe hata sauti. Mimi ndiye niliyepiga ukelele. Bi Kidawa akageuka, akauona ule mkono, akasahau Chole na mila zake zote. Aliudaka, akautia kwenye ndoo ya maji, akamtazama mkwewe usoni.

"Sasa si useme, mwanangu!"