Njia Ambayo Sikuifunga

Jumatatu moja ya mwezi wa Ramadhani, katika mwaka wa vita ambao mji wetu wa Kindu ulizingirwa, nilimpoteza dada yangu mkubwa.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunakimbia kutoka mtaa wetu wa Alunguli kuingia msituni. Wanaume wa mtaa walitangulia, watoto wakafuata, nami nilikuwa wa mwisho, nimembeba binti wa dada mgongoni. Dada alirudi nyumbani kuchukua chumvi na sufuria. Alisema, "Mutangulie. Mufunge njia, nitawafuata."

Kufunga njia kwetu ni jambo dogo. Mkifika njia panda, wa mwisho huvunja tawi bichi na kulilaza juu ya njia ambayo hamkuipita. Anayekuja nyuma akiliona, anajua kwamba si huku. Mtoto wa shamba hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Tulifika njia panda. Mtoto alikuwa akilia, nikamziba mdomo kwa kiganja, nikapita. Nilikumbuka tawi tulipokuwa tumeshavuka kijito, nikaogopa kurudi. Njia ile nyingine ilikwenda kwenye kambi ya watu wenye bunduki. Dada hakufika. Siku nyingi baadaye mtu aliyetoka huko alituambia ameiona sufuria yake.

Nyumbani nilisema alipotea. Hakuna aliyeniuliza zaidi, maana wengi walipotea. Nilimlea binti yake, naye akawa ananiita mama.

Sasa amepita umri aliokuwa nao mama yake siku ile. Alisomea kompyuta, na anatengeneza programu ya simu. Kila wiki inampa mtu wa mjini kazi ndogo: ashike gome la mti fulani, amsikilize ndege fulani, afuate njia hadi kijitoni akae kimya kidogo. Jirani yetu anayekaanga mikate alimcheka.

"Simu njo initume ku pori? Mie natoka kule na kuni ku kichwa."

"Haiko ya wewe, mama. Iko ya wale wenye kuogopa pori, wenye wazazi waliwakataza."

"Basi umetengenezea wa kwenu," jirani akasema, akanielekezea mdomo.

Ilikuwa kweli. Nilimkataza tangu utoto wake, na mimi mwenyewe sikuwa nimevuka bustani za karibu tangu vita.

Jioni moja alikaa nami uani na simu yake. "Mama, kule rezo ya simu haiko, ramani haifunguki. Watu wakifika njia panda watapotea. Zamani mulikuwa munafanya je?"

Ningeweza kusema tulikuwa tunauliza wenyeji. Nilimweleza habari ya tawi. Alifurahi, akaanza kulichora kwa kidole papo hapo.

"Na wa nyuma njo anafunga?"

"Wa nyuma."

"Na akisahau?"

Aliuliza kwa ajili ya kazi yake tu, macho yakiwa kwenye simu. Si ushujaa ulionifanya nimjibu. Ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na lilipokuja sikuwa na uongo ulio tayari.

"Nilisahau mimi," nikasema. "Siku ile ya mama yako. Mimi nilikuwa wa nyuma."

Aliacha kuchora, akauliza, "Nilikuwa ku mugongo yako?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalia?"

Hapo nilitaka sana kusema hapana. Nilijua nikisema ndiyo atabeba kitu kisicho chake, na nikisema hapana nitakuwa nimeanza uongo upya.

"Ulilia. Lakini watoto wote walilia siku ile. Tawi lilikuwa kazi yangu, halikuwa kazi ya mutoto."

Alitia simu mfukoni, akaondoka. Chai yake ilibaki. Wiki mbili hakuja. Jirani aliponiuliza nilisema ana kazi nyingi.

Kisha Alhamisi moja alikuja kwa pikipiki ya kukodi na hakuingia ndani. "Panda, mama mudogo. Utanionyesha ile njia panda." Hakuwahi kuniita hivyo.

Pikipiki ilitufikisha mwisho wa barabara, tukaendelea kwa miguu. Kijito nilikitambua. Njia panda sikuiona. Msitu ulikuwa umefyekwa; pande zote palikuwa na mihogo, na vijia vya wakulima vilivyokatizana. Nilisimama, nikatazama huku na huku, nikamwambia sijui ni wapi.

"Karibu na hapa?"

"Karibu."

Alivua viatu, akaingia katikati ya mihogo, akakaa chini kwenye udongo. Nilibaki njiani, kwa sababu hakuniita. Alikaa muda mrefu. Mvua ilipoanza, mwenye pikipiki alipiga honi kutoka barabarani. Binti aliinuka, akavaa viatu, akatangulia, nami nikamfuata hadi barabarani.