Waliosimama Walikuwa Wanne

Mwaka ule Bunge lilipojadili treni yetu, Lempi Hakala alikuwa na miaka sitini na minane. Alizaliwa hapa Tamarack, katika nyumba ya magogo iliyo karibu na reli kiasi kwamba vikombe hugongana kabatini treni ikipita, na hakuwahi kuishi mahali pengine. Babake alitoka Ufini akaja kukata miti. Mumewe, Osmo, naye alikuwa mtoto wa wakata miti hao hao. Lempi alipika kwenye kambi zao hadi kambi zilipofungwa, kisha akawa anafuma soksi za sufu na kukausha samaki kwa moshi, anawauzia wawindaji wanaoshuka na treni. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilitiiwa na mbwa wa kijiji kizima.

Tamarack haina barabara. Kuna msitu, ziwa na reli, na juu ya reli hiyo palikuwa na treni ndogo ya mabehewa mawili iliyokwenda mjini Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ikirudi kesho yake. Kituo hakikuwapo. Ulisimama kando ya reli, ukapunga mkono, dereva akasimama.

Figo za Osmo zilipokufa, treni hiyo ndiyo iliyomweka hai. Mara tatu kwa wiki ilibidi aunganishwe na mashine ya hospitali ya mjini ili damu yake isafishwe, alale huko, arudi asubuhi. Siku za mashine na siku za treni zililingana kana kwamba mtu mmoja amezipanga. Daktari alimshauri ahamie mjini kabisa.

"Nikakae ghorofa ya saba kama kuku kwenye tenga?" Osmo alimjibu. "Hapana, daktari. Siku treni ikikoma, na mimi nakoma."

Alisema hivyo huku akicheka. Lempi hakucheka. Alikuwa ameishi naye tangu ujana na hakuwahi kumsikia akisema neno kisha akalirudisha.

Ndipo serikali ikatoa mpango wake mkubwa wa usafiri na miundombinu wa nchi nzima. Kusini kungekuwa na reli ya mwendokasi, madaraja mapya, barabara pana za kuzunguka miji. Kwenye kurasa za nyuma za mpango huo iliandikwa kwamba ruzuku ya treni ndogo za kaskazini itakoma mwezi wa tisa.

Mbunge wetu, Rodrigue Thibeault, alikuwa mtoto wa mnyapara wa genge la mafundi wa reli. Alikulia jirani na Lempi, na Lempi alikuwa amemfuta kamasi mara nyingi kuliko mamake. Akapeleka hoja binafsi: treni isiondolewe mahali pasipo na barabara. Waziri alisema hadharani kwamba Bunge likiipitisha ataiheshimu. Vyama vingine viliahidi kura zao, na wabunge kadhaa wa kaskazini walio upande wa serikali walinong'ona kwamba nao watakuwa pamoja nasi. Rodrigue alipiga simu hapa posta, ninapofanya kazi, tukamsikiliza tumezunguka meza.

"Ijumaa mjadala unakwisha," alisema. "Spika atauliza, wale wa serikali watapiga kelele za 'siyo' na watatuzidi. Hapo sisi tunasimama. Wakisimama wabunge watano, Spika analazimika kuitisha kura ya majina, na hiyo itapigwa Jumatano watu wote wakiwa wamerudi. Ya Jumatano tunashinda. Na hao watano ninao, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao."

"Watano tu?" Lempi aliuliza. "Na nyumba yenyewe imejaa watu mamia?"

"Ijumaa mchana, Mama Hakala, wabunge wako uwanja wa ndege. Hawa nimewafunga kamba."

"Basi nakuja kuzikaza hizo kamba."

Wengine walidhani anatania. Alimaanisha. Kijiji kikakubaliana aende, mimi nimsindikize. Osmo alisema asitafutiwe mtu wa kumsaidia, kwamba kupunga mkono treni isimame ni kazi anayoiweza bado.

Safari ya mji mkuu ni ya kubadilisha treni, na hiyo ya pili ilisimama porini kwa muda mrefu sana. Lempi alimkamata kondakta koti alipokuwa akipita.

"Tunangoja nini, mwanangu?"

"Treni ya mizigo, mama. Mizigo hupita kwanza."

"Na sisi ni nini?"

"Ninyi ni abiria. Abiria hawaozi."

"Mwangalie huyu," Lempi akasema, akininyooshea kidole. "Huyu ameshaanza."

Behewa zima likacheka, na yeye akacheka, lakini vidole vyake vilikuwa vikizungusha pete yake ya ndoa bila kupumzika. Tulipofika, mjadala ulikuwa umeshaanza. Tulichukua teksi, tukapekuliwa mlangoni, tukapewa kadi mbili ambazo Rodrigue alikuwa ametuachia. Mhudumu mmoja wa Bunge, mzee mpole aliyevaa suti nyeusi, akatueleza masharti ya roshani ya wageni. Ni marufuku kusimama, kupiga makofi, kusema wala kuandika. Penseli yangu ikabaki mezani kwake.

Lempi hakutaka kupanda.

Hapa lazima niseme jinsi tunavyotembeleana huku kwetu. Kila nyumba ina mbwa, na mbwa wa huku si wa mapambo, kwa hiyo hatugongi milango. Mgeni husimama nje ya ua na kungoja. Aliye ndani akiambiwa kwamba fulani yuko nje, huacha alichokishika, hata kama ni kijiko kilicho njiani kwenda mdomoni, akatoka. Kumwacha mtu asimame nje ni tusi, na watu wa relini hukumbuka tusi la namna hiyo kwa miaka.

"Mwambie Rodrigue kwamba Lempi Hakala yuko nje," alimwambia mhudumu.

"Mama, kadi yako ni ya roshani. Ngazi ni zile pale."

"Nitapanda akishajua nimefika. Siwezi kuingia nyumba ya mtu kama mwizi."

Hakuwa akimwita. Kwa akili yake alikuwa anapiga hodi tu. Mhudumu akatabasamu, akaenda. Mimi nikapanda.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na viti vyake vya kijani vilikuwa vitupu karibu vyote. Waliokuwapo, mmoja alikuwa akisaini kadi, mwingine amefumba macho. Mbunge wa upande wa serikali alikuwa akisema kwamba kwa gharama ya treni ile, ingekuwa nafuu kumkodishia kila abiria teksi. Wenzake wakacheka.

"Ipite wapi hiyo teksi?" Rodrigue alipaza sauti kutoka kitini. "Juu ya ziwa?"

"Utaratibu, Mheshimiwa, utaratibu," Spika akasema.

Ndipo nilipomwona mhudumu wetu akiinama sikioni mwa Rodrigue. Rodrigue akatazama saa ya ukutani. Akatazama karatasi ya wachangiaji. Aliyekuwa akisema alikuwa bado hajamaliza, na baada yake walikuwapo wengine wawili. Alimnong'oneza jirani yake, mzee mwenye fimbo, kisha akatoka kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie.

Yule wa teksi akaketi. Aliyefuata akasimama, akasema anakubaliana na kila neno la mwenzake, akaketi hapo hapo. Jina la wa mwisho likaitwa, na kiti chake kilikuwa kitupu. Naye alikuwa ameshakwenda uwanja wa ndege.

Spika alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Hakuna mwingine? Mtoa hoja?" Akangoja. "Mtoa hoja hayupo. Basi nitawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Sauti chache zikasema ndiyo.

"Wasioafiki waseme siyo."

Wakasema siyo, kwa uchovu, kama watu wanaoaga.

"Nadhani waliosema siyo wameshinda."

Mzee mwenye fimbo akasimama. Mwanamke mwenye sweta jekundu akasimama, na wengine wawili nyuma yake. Yule mzee alikuwa haachi kutazama mlango. Upande wa pili aliketi mmoja wa wale wa kaskazini waliotuahidi, nikamkodolea macho kana kwamba ningeweza kumwinua kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake. Spika alingoja, nami nasema kwa haki kwamba alingoja zaidi ya ilivyohitajika.

"Sioni watano," akasema. "Hoja imekataliwa."

Nilikuwa nimesimama bila kujijua. Mlinzi akanigusa bega, nikashuka.

Chini, kando ya mlango wa wabunge, Lempi alikuwa amemshika Rodrigue mashavu kwa mikono yote miwili.

"Umekonda! Wanakulisha karatasi humu?"

"Mama Hakala, ngoja nimalize. Panda juu ukae, nina dakika kumi tu kisha nafunga mjadala..."

Mlango ukafunguka. Yule mzee mwenye fimbo akatoka.

"Rod," akasema. "Ametuhoji."

"Amewahoji nini? Kuna watu wawili bado."

"Mmoja alisema neno moja tu, mwingine hakuwapo. Ametuhoji, tukasimama. Tulikuwa wanne."

Rodrigue alikimbilia ndani. Tulimsikia akisema kitu kwa sauti kubwa. Aliporudi alikuwa ameshika ukuta.

"Wanne nini?" Lempi aliuliza. "Rodrigue, nakuuliza wewe. Wa tano alikuwa nani?"

Rodrigue alimtazama. Nilimwona Lempi akiutazama mlango, akamtazama mhudumu mwenye suti nyeusi, akaitazama mikono yake mwenyewe ambayo dakika moja kabla ilikuwa imeshika mashavu ya mtu huyu. Akaketi sakafuni, palepale kwenye marumaru, na watu waliovaa vizuri wakampita pembeni.

Jumatatu Rodrigue alisimama bungeni akaomba hoja irudishwe. Kwa hilo ilibidi Bunge zima likubali bila hata mmoja kukataa. Mmoja alisema siyo.

Tuliporudi, Osmo alikuwa kando ya reli akitungoja. Lempi alimweleza kabla hajashusha mfuko. "Nilimwita nje," alisema. "Mimi ndiye niliyemwita." Osmo akachukua mfuko, akasema kuna supu jikoni.

Mwezi wa tisa ulipokwisha treni ikakoma. Jumanne ya kwanza bila treni, Lempi alifungua banda la zamani la genge la reli, akatoa kiberenge cha injini, kigari cha mafundi kilichoachwa humo, akakisafisha plagi, akamfunga Osmo mablanketi na kumkalisha juu yake. Alikuwa akisimama kila baada ya muda kuweka sikio kwenye chuma na kusikiliza kama treni ya mizigo inakuja. Walifika mjini, wakarudi. Alhamisi upepo ulikuwa mkali, hakusikia vizuri. Treni ya mizigo ikatokea kwenye kona, naye akamsukuma mumewe mtaroni kisha akajirusha juu yake. Kiberenge kiligeuka vipande. Watu wa kampuni ya reli walikuja kesho yake wakamwambia akirudia atashtakiwa.

"Nishtakiwe," alisema. "Jela iko mjini? Tupelekeni wote wawili."

Idara ya afya ilikuwa tayari kutuma ndege ndogo ya kutua ziwani. Ingemchukua Osmo safari moja tu, ya kwenda bila kurudi. Lempi alifunga mabegi mawili akayaweka mlangoni. Lake lilibaki limefungwa. La Osmo, kila asubuhi alilikuta tupu, nguo zimerudishwa kabatini.

Jioni moja nilipeleka barua nikawakuta. Osmo alikuwa kitandani karibu na jiko la kuni, miguu imevimba kama magogo. Lempi alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Ziwa litaganda wiki ijayo, Osmo. Likiganda ndege haitui. Twende."

"Nilisema."

"Ulisema ukicheka!"

"Nilicheka, lakini nilisema." Akavuta pumzi, na ilimchukua muda. "Si wewe, Lempi. Usije ukadhani ni wewe. Mimi nimechoka tangu zamani."

"Usiniambie si mimi. Sitaki kuambiwa hivyo. Niambie twende."

Nilibaki mlangoni na barua mkononi. Lempi alishika mkono wa Osmo akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama anavyopimwa mtoto mwenye homa.

"Osmo. Twende?"

Hapo treni ya mizigo ikaanza kupita, ile ndefu ya jioni. Nyumba ikatetemeka, taa ikatetemeka, na kwa muda wote huo hakuna ambaye angeweza kusikia neno. Osmo alikuwa amefumba macho. Midomo yake haikusogea, au labda ilisogea. Behewa la mwisho lilipopita, Lempi alikuwa bado amepiga magoti, akingoja ajibiwe.