Mbegu za Kwenye Nyonga

Baba alikuwa anasimama njiani. Ndivyo nilivyojua kuwa anaumwa. Asubuhi ile tulitoka nyumbani Kwaluguru kwa miguu, ukungu bado umelala juu ya mahindi, na kila baada ya mwendo mfupi alisimama akageukia shamba la mtu. Akasifia mabua, akalaumu palizi. Tukaenda kidogo, akasimama tena, safari hii mbele ya pori tupu.

"Baba, ni mguu?"

"Unabana tu. Uzee huo."

Nilikuwa nimekuja kikazi. Mimi hukuza seli katika maabara Dar es Salaam, na timu yetu ilikuwa Korogwe kwa miezi kadhaa, ikitafuta watu ambao mishipa ya damu miguuni imeziba na ambao hawana uwezo wa kuwafikia madaktari bingwa. Tiba yenyewe ilikuwa bado ya majaribio. Tulitoa uboho kidogo, ule ute wa ndani ya mfupa, kwenye nyonga ya mgonjwa, tukatenga seli shina, zile zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, tukazikuza, kisha zikarudishwa kwa sindano kwenye shavu la mguu wake, kwa matumaini kwamba vimishipa vipya vitaota. Miaka yote hiyo nimeinamia darubini, nikitazama seli zilivyolala kama nyasi chini ya maji. Miguu ya baba sikuwahi kuitazama.

Nilimpeleka kwenye kliniki yetu Korogwe. Muuguzi akampaka jeli miguuni, akaweka kifaa cha kusikilizia damu. Mguu wa kulia ulivuma vizuri. Wa kushoto ulikuwa kimya, kisha ukaja mnong'ono mdogo. Baba akafumba macho.

"Huyo ni mimi?"

"Ni damu yako, baba."

"Kama mtu anayepita mbali, kwenye majani makavu."

Chumba kizima kikatulia kumsikiliza mtu huyo akipita.

Baadaye nilimweleza habari ya seli kwa Kizigua, na kwa kuwa sikuwa na neno lake, nikaziita mbegu, jina nililokuja kulitumia kwa wagonjwa wote. Akauliza swali la mkulima: "Na zikikataa kuota?"

"Hatujui bado. Ndiyo maana tunajaribu."

Alikuwa tayari kutia dole gumba kwenye fomu. Daktari aliyetuongoza akamzuia kwa upole: mzazi wa mtu anayezishika seli hizo hawezi kuingia kwenye jaribio. Nilikuwa naijua kanuni hiyo. Hata hivyo nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Baba ndiye aliyenifuata. "Mwenye ghala ndiye anayelala njaa," akasema, akacheka peke yake.

Akapewa dawa za kawaida, akaambiwa aache sigara, na atembee kila siku mpaka mguu ubane, apumzike, aendelee. Sigara ilimshinda mara mbili, ya tatu akaishinda yeye. Sasa anafika msikitini bila kupumzika, ingawa kilima cha kisimani bado kinamsumbua.

Nafasi iliyokuwepo ilichukuliwa na mama mmoja wa Sindeni mwenye kidonda kwenye kidole cha mguu, kilichokataa kupona tangu mavuno yaliyopita. Katika jaribio letu wengine hupata seli, wengine maji ya chumvi tu, na hakuna anayejua nani kapata nini, hata sisi tunaozikuza, mpaka mwisho wa jaribio. Kidonda chake kilifunga polepole, kikabaki kovu jembamba linalong'aa.

Siku ya kuruhusiwa alinishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, mimi nilipata mbegu au maji?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Alinitazama kama anayemwonea mtu huruma. Kisha akaomba nimshikie kikapu, akainama, akavaa kiatu taratibu, akaenda zake stendi.